Bugonoka Mbele ya Moto wa Tumbaku

Nakala yangu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali inanuka moshi hadi leo. Ukiifungua katikati unaupata puani, mkali na mtamu kidogo, kama wa jikoni lakini si wa jikoni. Ni moshi wa bani, banda la kukaushia tumbaku, la marehemu baba mkwe, lililosimama nyuma ya boma letu hapa Ogwedhi, nao uliingia kwenye karatasi usiku mmoja baada ya mwingine katika misimu miwili, 1985 na 1986. Mgongo wa kitabu ulikatika msimu wa kwanza. Mama mkwe aliushona kwa uzi ule ule wa kufungia majani kwenye fito, kwa mshono wa gunia, na mshono huo haujaachia.

Kina kurasa zaidi ya 600. Nilikisoma chote kwa sauti.

Asiyepajua Ogwedhi aelewe kwanza kwamba ni soko la mpakani. Huku ni Migori, kwa Wajaluo. Ukivuka kidogo umeingia Trans Mara, kwa Wamaasai. Siku ya soko ng'ombe huletwa kutoka kule, na mahindi, viazi vitamu, vyungu na sabuni huenda kule. Wakuria na Wakisii nao hawako mbali. Kila mtu ana lugha ya mama yake, na kila mtu akifika sokoni huikunja akaitia mfukoni, akatoa Kiswahili. Usidhani ni Kiswahili cha Lamu. Ni cha kupatana bei, cha kuapa kwamba fahali hana ugonjwa na, katika miaka mibaya, cha kuuliza mifugo iliyoibwa usiku imepitishwa wapi. Mama mkwe hakukanyaga darasani hata siku moja, lakini Kiswahili hicho alikuwa nacho tele, maana aliuza uji na vyungu sokoni tangu ujana wake. Mimi nimezaliwa ziwani, Karungu, na ndiyo sababu mpaka anafariki aliniita Nyar Karungu, binti wa Karungu. Jina langu la ubatizo sidhani kama alilitamka mara tatu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza, na Kiswahili, somo ambalo wengi wetu tulikuwa tukilipitia juujuu siku za Ijumaa, kikageuka somo la lazima la kutahiniwa. Mwalimu mkuu alitazama meza zetu akaona mimi ndiye niliyepata alama nzuri chuoni, akaniangushia madarasa matatu ya juu. Vitabu vilikuwa vichache: wanafunzi watano kwa kimoja, na kabatini hapakuwa na hadithi yoyote iliyozidi unene wa kidole. Nikajiambia, mwalimu asiyesoma vitabu virefu atafundisha lugha fupi.

Nasema hivyo kwa kujitapa kidogo, kwa sababu sikuwa na rekodi nzuri. Chuoni niliwahi kuazima ile riwaya kubwa ya Tolstoy juu ya vita vya Napoleon, kwa Kiingereza. Inaanza na karamu ya mabwana na mabibi wa Kirusi, kila mmoja ana majina matatu, na nusu ya maneno yao ni Kifaransa. Nilikaa katika karamu hiyo wiki mbili. Kisha nikakirudisha kitabu bila kujua kama vita vilianza.

Kitabu kirefu cha pili kilinijia kutoka ng'ambo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa Novemba 1983. Kwetu sisi tulioolewa na kuzaa pande zote mbili za mstari ule, ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora kwenye ramani mwaka 1886, ilikuwa miaka sita ya kuvizia. Misiba ya Shirati, upande wa Tanzania, tuliihudhuria kwa mtumbwi. Ulipofunguliwa, kila mwenye ndugu huko alifunga safari. Zamu yangu ilifika likizo ya Aprili 1985. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Musoma, na Tanzania wakati huo bidhaa zilikuwa zimeadimika, kwa hiyo nilipita mpaka wa Sirari na vipande vya sabuni, mafuta ya kupikia na sukari chini ya kanga. Tulifika hadi Mwanza kumwona mgonjwa. Huko, katika duka lililouza madaftari na picha za watakatifu, nikakiona kitabu hiki kwenye rafu ya chini, kimelala kwa ubavu kwa sababu hakikuweza kusimama. Nikakinunua kwa sababu mbili: unene wake, na neno moja la mwenye duka. Alisema, "Hicho ni cha hapa hapa ziwani, Ukerewe. Mwenyewe amekufa juzijuzi."

Nikarudi Kenya begi likiwa jepesi upande wa sabuni na zito upande wa kitabu. Afisa wa forodha alikipindua, akakitikisa kama anayetafuta pesa ndani, akaniuliza, "Mama, hiki ni Biblia ya dhehebu gani?"

Nilipojua historia yake, baadaye na kwa vipande, nilielewa kwamba safari yangu ya Sirari ilikuwa fupi sana ukiilinganisha na ya kitabu chenyewe. Mwandishi wake, Aniceti Kitereza, alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alikuwa mjukuu wa Omukama Machunda. Mapadre wa misheni ya Kagunguli walimsomesha, akapelekwa seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini, Kijerumani, Kiswahili na lugha nyingine. Upadre hakuufikia. Alirudi kisiwani, akaoa, akawa katekista. Aliona wazee wanaokumbuka Ukerewe ya kabla ya Wazungu wanazikwa mmoja mmoja, na vijana wanaona aibu kwa yale waliyoachiwa, akaamua kuyaandika. Angeweza kuandika orodha ya mila. Badala yake akaandika hadithi ya mume na mke wanaopendana ambao hawapati mtoto. Aliandika kwa Kikerewe, lugha ya watu wachache wa kisiwa kimoja, na akamaliza mwaka 1945.

Uuweke mwaka huo mahali pake. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kitabu chembamba, kilikuwa kimetoka 1934. Kusadikika cha Shaaban Robert kilikuwa bado miaka sita mbele. Achebe wa Nigeria, ambaye shuleni tulifundishwa kumhesabu kuwa mwanzo wa kila kitu, alikuwa kijana wa sekondari. Na katika chumba fulani Ukerewe palikuwa na rundo la karatasi lenye riwaya nzima ya Kiafrika, ndefu kuliko zote hizo, bila mchapishaji. Nani angechapa mamia ya kurasa za Kikerewe? Karatasi zilisafiri mikononi mwa mapadre, ahadi zikatolewa, waahidi wakafa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, waliofika kutafiti historia ya kisiwa, walimkuta mzee anayeumwa viungo na mswada wake. Njia iliyobaki ilikuwa Kiswahili, na mtu wa kuutafsiri alikuwa yeye mwenyewe. Akaketi, ameshapita sabini, vidole vinauma, akakiandika kitabu chake upya tangu mwanzo kwa lugha nyingine. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa kwa tarehe ya 1980, kimechapwa China. Kitereza alifariki 1981, na nakala zilipofika hakuwepo wa kuzishika.

Kisiwa hicho hicho, kwa njia, ndicho kilichomzaa Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya ya Rosa Mistika, na ndicho kilichomzaa Gabriel Ruhumbika, ambaye baadaye alikitafsiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza na kukitoa mwaka 2002. Sijui wanakunywa maji gani Ukerewe. Sisi wa Karungu tunakunywa ya ziwa hilo hilo.

Lakini nikiri: nilipoanza kukisoma peke yangu, mezani, kwa kalamu na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ubavuni, kilinishinda. Nilifika ukurasa wa arobaini nikaona haya ni mambo ya Tolstoy tena, ila bila Kifaransa. Tatizo la kwanza lilikuwa salamu. Mtu wa Kitereza hawezi kuingia uani na kusema lililomleta. Anabisha, anajibiwa, anaulizwa alivyoamka, anaulizwa wa nyumbani, anakaribishwa kiti, anakataa kiti, anakubali kiti, na ukurasa umekwisha. Tatizo la pili lilikuwa vitu. Kila mmea una jina, kila chombo kina jina, na mengi ya majina hayo kamusi ilikuwa haijayasikia. La tatu ni kwamba hakuna anayekimbia. Mtu akipika pombe ya ndizi, unaipika naye tangu ndizi zinapofukiwa ziive. Nilikuwa nimezoea vitabu vya shule ambavyo ukurasa wa kumi lazima mtu afe au afukuzwe. Nikakiweka juu ya kabati, nikasema nitamalizia Desemba.

Kilichokitoa kabatini ni tumbaku. Kampuni za sigara zilikuwa zimeanza miaka ya 1970 kuwakopesha wakulima wa huku mbegu, mbolea na dawa, na baba mkwe alikuwa miongoni mwa waliojenga mabani ya matofali. Tumbaku ya aina yetu hukaushwa kwa joto: tanuri liko nje chini ya ukuta, mabomba ya bati yanapita ndani, na majani yananing'inia juu yamefungwa kwenye fito, safu juu ya safu. Siku za kwanza unayaweka kwenye joto la nyuzi kama 38 hivi yageuke manjano. Ukizidisha, yanaungua yakiwa mabichi. Ukipunguza, yanaingia ukungu. Kisha unapandisha polepole, siku baada ya siku, mpaka mshipa wa katikati wa jani ukauke kabisa, na hapo kipimajoto kinasoma sabini. Ni usiku sita, wakati mwingine saba, na mtu hawezi kulala. Kuni za gogo zima zinasukumwa kidogo kidogo. Moto ukizimika saa tisa usiku, mapato ya mwaka yamekwenda, na deni la mbolea linabaki.

Baba mkwe alikuwa anaumwa kifua mwaka huo. Mume wangu alifanya kazi Awendo, kiwanda cha sukari, akija mwisho wa wiki. Kwa hiyo tukakesha wanawake: mama mkwe, wifi zangu wawili wasichana na mimi, binti yangu mdogo amelala mgongoni. Likizo ya Agosti ilikuwa imeanza. Usiku wa pili, kwa kuogopa kusinzia, nikaenda nikaleta taa ya chemni na kile kitabu. Mama mkwe aliniangalia nikikifungua akasema, "Kama ni cha serikali usinisomee. Kama kina watu, soma."

Nikasoma. Wifi zangu waliokuwa wakiteleza katika Kiswahili kigumu walitafsiriwa na mama yao kwa Kijaluo, kwa ufupi na kwa ukali, kama refa. Saa moja ilipita sikuiona. Ile taratibu iliyonichosha mezani ilikaa vizuri kabisa mbele ya moto usiotaka haraka. Ndizi za Myombekere zilikuwa zinaiva shimoni, majani yetu yalikuwa yanageuka manjano bandani, na hakuna mtu kati yetu aliyekuwa na mahali pengine pa kwenda.

Usiku wa tatu nikafanya kosa la wenye shule. Tulifika kwenye salamu nyingine ndefu, na mimi, nikitaka tufike kwenye maneno, nikaruka. Nilifanya kwa ujanja: nikafunika ukurasa kwa kidole, nikaunganisha sentensi ya chini na ya juu, sauti haikubadilika. Mama mkwe akaacha kusukuma gogo.

"Nyar Karungu. Huyo mgeni ameingiaje?"

"Amekaribishwa, Mama."

"Na nani? Sijasikia. Hajaulizwa wa nyumbani, hajapewa maji, sasa anaomba msaada. Huyo ni mwizi?"

Wifi wakacheka hadi mtoto akaamka. Nikarudi juu ya ukurasa, nikasoma kila kitu, na wakati huu nikasikia nilichokuwa nikikiruka. Katika zile salamu, mwenyeji alikuwa anapima jambo lililomleta mgeni kabla mgeni hajalitaja, na mgeni alikuwa anaonyesha kwa jinsi anavyokataa kiti kwamba ni zito. Ombi lilipokuja, lilikuwa limeshajibiwa. Sikuruka tena mstari hata mmoja. Nafikiri nusu ya ugumu wa riwaya ndefu ni kwamba tunaisoma kama wageni wasio na adabu: tunataka kuambiwa shida kabla ya kuketi.

Jioni za kuamkia siku ya soko, mzee mmoja wa Kimaasai, aliyekuwa rafiki wa baba mkwe wa kuuziana ng'ombe tangu wote wakiwa vijana, alilala kwetu ili apambazukie mnadani. Akawa msikilizaji. Alikaa mbali kidogo na moto, shuka begani, akisikiliza Kiswahili kwa kichwa kilichoinama. Swali lake lilikuwa moja: huyu Myombekere ana ng'ombe wangapi? Sikuweza kumjibu. Kila alipokuja aliuliza tena, kana kwamba kitabu kingekuwa kimepata habari mpya wiki ile. Ugomvi mkubwa ulihusu pombe ya ndizi. Mama mkwe, mpikaji wa sifa wa kong'o, pombe yetu, hakukubali kwamba tunda linaweza kutoa pombe ya mtu mzima. Nilipofika pale mtama unapotiwa ndani akapiga goti kwa kofi: "Ndiyo! Nilijua. Mtama ndio pombe, hizo ndizi ni maji yake tu." Mzee akasema pombe ni asali, wengine wote wanajisumbua. Tuliacha kusoma usiku ule.

Baba mkwe alikuwa na kitabu chake pia, katika sanduku la bati pamoja na nyimbo za kanisa: Luo Kitgi gi Timbegi cha Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, kule Homa Bay. Kilitoka 1938, mwaka ule ule Kenyatta alipotoa chake juu ya Wagikuyu. Nikiwafikiria Mboya na Kitereza, mmoja mashariki ya ziwa na mwingine kusini yake, wote watu wa misheni, wanaandika kwa hofu moja katika miaka inayokaribiana, nashangaa kwamba pengine hawakuwahi kusikiana. Mboya alipanga: ndoa hivi, mazishi hivi, kujenga boma hivi. Ukitaka hukumu ya ugomvi wa urithi, unakwenda kwake, na wazee wa huku walikwenda. Lakini sijaona mtu aliyelia kwa ajili ya Luo Kitgi. Kitereza aliziweka mila zile zile ndani ya nyumba ya mtu mwenye shida, na hapo zikaanza kuuma. Utafiti wa mila unaweza kuuruka, ukatafuta sura unayoitaka. Yeye alifunga njia ya mkato.

Na shida ya nyumba ile ilikuwa ni ile niliyoijua. Ndugu wa Myombekere wanamsimanga Bugonoka kwa kukosa mtoto, wazazi wake wanasikia, wanamchukua wanarudi naye kwao, na mume anabaki na nyumba baridi. Katika Kijaluo kuna neno, lur, la mwanamke asiyezaa, neno fupi ambalo mtu anaweza kulitema akiwa anapita njia. Niliolewa 1978. Mwaka 1981 nilikuwa sijapata mtoto, na neno hilo lilikuwa linapita uani kwetu mara nyingi kidogo kuliko kuku. Sitasema nani alilisema. Nilirudi Karungu, nikakaa kwa mama yangu miezi minne, nikifundisha shule ya huko kwa ruhusa, mpaka mume wangu alipokuja na ami yake, amevaa koti kwenye jua kali, akasimama nje ya ua kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mama yangu alimwacha asimame. Mbele ya maro, yaani mkwe, mwanamume wa Kijaluo hana ujasiri hata awe nani. Binti yangu alizaliwa 1983.

Nilipofika kwenye kurasa hizo za Bugonoka, sikuwa nimejiandaa. Kitabu kilizifungua chenyewe. Nilisoma masimango kwa sauti yangu, katika Kiswahili cha mzee wa Ukerewe, mbele ya watu wa nyumba ile ile. Wifi zangu walikuwa wamenyamaza, na hakuna aliyewatafsiria. Nikasoma mume anavyokwenda kwa wakwe, anavyongoja, anavyotajiwa faini ya pombe. Kuni zilikuwa zinatosha, tanuri limejaa, lakini mama mkwe aliondoka akaenda gizani kuleta gogo, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu. Nikaendelea kusoma. Nini kingine ningefanya?

Katika utoto wangu hadithi zilikuwa za siwindhe, nyumba ya bibi ambamo wasichana tulilala. Hadithi ilianza na chon gi lala na ikaisha usiku huo huo kwa thu tinda, na baada ya thu tinda unalala, mnyama amekufa, msichana ameolewa, dunia imefungwa. Riwaya ndefu haifungwi. Ndicho kilichomsumbua mama mkwe mwanzoni. Kila nilipofunga kitabu alingoja. "Thu tinda?" aliuliza. "Bado, Mama." Alikwenda kulala na watu walio njiani, mimba iliyo mwezi wa sita, deni lisilolipwa. Mchana, akipalilia, alikuwa akinijia: unadhani yule mganga ni wa kweli? Baada ya kufa kwake nilifundisha riwaya nyingi kwa wanafunzi wengi waliokuwa na mtihani mbele yao, na hakuna aliyewahi kunifuata shambani kuniuliza habari za mtu wa kitabuni.

Hesabu ilikuwa hivi. Majani huchumwa kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo bani lilijazwa mara tano kwa msimu. Usiku sita mara tano ni thelathini. Kurasa kumi kwa usiku, kumi na mbili kama mbu ni wachache. Septemba 1985 bani lilifungwa tukiwa karibu na kati, na nikataka tuendelee nyumbani. Mama mkwe akakataa. Alisema kitabu hicho ni cha moto. Kikalala juu ya kabati miezi tisa. Tuliporudi, Juni, mimi mwenye cheti nilikuwa nimesahau nani ni shangazi wa nani, na yeye asiyejua kusoma alinirejeshea ukoo mzima, na mahali tulipoacha, na hata nani alikuwa amekasirika.

Msimu wa pili ulikuwa wa watoto. Mtoto wa kiume alipozaliwa akaitwa Ntulanalwo, jina lenye habari ya mtu anayeishi na kifo siku zote, mama mkwe aliitikia mara moja: "Kwetu ni Owiti." Na ndivyo, maana Owiti ni mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa, akatupwa njiani kwa hila ili kifo kimdharau, kisha akaokotwa. Sehemu nyingine zilituchosha, sitadanganya. Kuna kurasa ambazo Kitereza anafundisha kuliko anavyosimulia, na wifi mdogo alilala fofofo katika mambo ya kilimo. Nami nililala mara moja nikiwa nasoma. Wanasema niliendelea kutamka maneno yasiyokuwa na maana na mzee wa Kimaasai akaitikia.

Tulimaliza katika ujazo wa mwisho wa 1986, usiku wa sita, kipimajoto kwenye sabini na majani yakisikika ndani kama karatasi zinazopekuliwa. Myombekere na Bugonoka walikuwa wamezeeka na kufa, kama watu wa kawaida wanavyokufa. Nikawaambia habari za mwandishi: kwamba watoto wake mwenyewe hawakuishi, kwamba aliandika kitabu mara mbili, kwamba kilifika amekwisha kuzikwa. Wifi mkubwa akasema, masikini. Mama mkwe hakusema neno. Nikafunga kitabu, nikaweka mkono juu ya gamba, nikamgeukia nikingoja aseme thu tinda, safari hii kwa haki.

Akasukuma gogo kwa mguu. Cheche zikapanda.

"Rudi pale mume anapokwenda kwa wakwe zake," akasema. "Kumfuata mkewe."

"Tulisoma mwaka jana, Mama."

"Nilikuwa nimesinzia."

Nikavuta taa karibu, nikaanza kuutafuta ukurasa.